Kikorea kwa Mswahili: anzia kwenye Kiswahili chako, achana na Kiingereza cha watu

Kila nikimwambia mtu najifunza Kikorea anacheka kwanza, halafu anauliza "ile ya vibanda vibanda? utaiweza?" na mi mwanzoni nilikuwa sina jibu kwa sababu hata mtandaoni ukitafuta unakutana na vitisho tu. Kuna ile orodha ya wanadiplomasia wa Marekani inasema Kikorea kinahitaji kama masaa 2,200 ya darasani, kipo kundi la lugha ngumu kuliko zote pamoja na Kichina na Kiarabu. Nikakata tamaa wiki nzima. Baadaye ndo nikajiuliza, sa hiyo hesabu si ya mtu aliyezaliwa na Kiingereza? Kwenye orodha hiyohiyo Kiswahili kimepewa kama masaa 900, na wewe hukulipa hata saa moja, ulinyonya tu na maziwa. Kwahiyo sisi tunaanzia pengine kabisa, na hilo ndo nataka kukuonesha hapa: ukikisoma Kikorea kwa kupitia maelezo ya Kiingereza unajizungusha, ukikitazama kutokea Kiswahilini kuna sehemu nyingi utaona mbona hii naijua. Na kuna sehemu utapigwa chenga za uso, nazo nitakwambia.

Herufi: wikiendi moja inatosha, usiongeze

Unakumbuka darasa la kwanza, mwalimu anapiga fimbo ubaoni "ba be bi bo bu" mnaitikia wote? Basi Hangul, herufi za Kikorea, ni hiyohiyo. Kila kibanda ni silabi moja. Ba ni 바, be ni 베, bi ni 비, bo ni 보, bu ni 부. Ukitoa ile ㅂ ukaweka ㅁ unapata ma me mi mo mu. Mfalme Sejong alikamilisha huu mwandiko mwaka 1443 akautangaza 1446 maana raia wake walikuwa hawawezi kusoma maandishi ya Kichina, na kitabu cha maelezo cha wakati ule kiliandika kwamba mwenye akili anaujifunza kabla asubuhi haijaisha na hata mjinga siku kumi anaumaliza. Mi nilitumia siku tatu, sa sijui niko kundi gani.

Herufi za msingi ni 24 tu, konsonanti 14 na irabu 10, na maumbo hayajatoka hewani, ㅁ ni mdomo uliofungwa, ㄴ ni ulimi unavyogusa juu nyuma ya meno, ㄱ ni shina la ulimi linaloziba koo. Itamke huku unajisikilizia ulimi uko wapi na hautasahau.

Zoezi la Jumamosi: andika majina ya nyumbani kwenu. Juma 주마, Neema 네에마, kitabu 키타부. Ukifika kwa Fatuma na Zawadi utakwama, kwa sababu Kikorea hakina F wala Z wala V. Fatuma anakuwa 파투마, Patuma, na Zawadi anakuwa 자와디, Jawadi. Usibishane nao, ndo watakavyokuita. Jumapili weka kibodi ya Kikorea kwenye simu, konsonanti zinakaa kushoto irabu kulia, vibanda vinajipanga vyenyewe ukiandika. Na kuanzia Jumatatu ni marufuku kuandika Kikorea kwa herufi zetu za ABC kwenye daftari lako. Najua inavutia, ila wanaofanya hivyo nawaona mwaka wa pili bado wanasoma "annyeong" (mambo) kama namba ya gari.

Irabu tano unazo tayari. Zinazobaki za kuhangaika nazo ni mbili: ㅓ, hiyo sema "o" lakini mdomo usiuviringe, uache ulegee; na ㅡ, hiyo sema "u" huku umenyoosha midomo kama unamtabasamia mtu anayekudai. Kuhusu ㅐ na ㅔ usiumize kichwa, Wakorea wengi wa leo wenyewe wanazitamka sawa, we shika tu neno linavyoandikwa.

Hapa ndo utalia: ㅂ ㅍ ㅃ

Kuna konsonanti zinakuja tatu tatu na kwa sikio la kwanza zote ni moja. 불 moto, 풀 majani, 뿔 pembe. 달 mwezi, 탈 kinyago, 딸 binti. Miezi mitano ya mwanzo mi nilikuwa nabahatisha tu.

Kisa. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kikorea, anaoka mikate balaa, siku kanipa kipande nikataka kumsifia kwa lugha yake. Mkate ni 빵. Mi nikatoa 방. Yaani nilimwambia mama wa watu "chumba ni kitamu". Akakodoa macho, kaangalia nyuma mlangoni, halafu akaangalia mkate mkononi kwangu, ndo akaelewa akacheka mpaka akakaa chini.

Sa msaada wako uko wapi? Uko pwani. Muulize mtu wa Mombasa au Lamu anayeongea Kiswahili cha kwao aseme paa la nyumba, halafu aseme paa yule mnyama. Huyo mnyama anatoka na pumzi, "phaa", la nyumba linatoka kavu. Hivyohivyo kaa la moto na kaa wa baharini. Wengi wetu wa bara hiyo tofauti tulishaipoteza, ila ipo ndani ya Kiswahili, na ndo tofauti ya kwanza unayoitafuta kwenye Kikorea. Chukua tishu ishike mbele ya mdomo, sema 풀, tishu lazima iruke. Sema 뿔, tishu isitikisike kabisa, koo umelibana kama unanyanyua ndoo ya maji. 불 iko katikati, imelegea, na sauti iko chini, wakati hizo mbili nyingine Mkorea wa Seoul anazianzia juu kidogo. Hiyo ya sauti kupanda ndo siri iliyonifungua masikio, maana nilikuwa natafuta tofauti kwenye pumzi tu. Ongeza na hili: ㅂ na ㄱ zikianza neno zinasikika karibu na P na K, ndo maana 김 inaandikwa Kim na 바보 (mjinga, mtaisikia sana kwenye tamthilia) unaisikia kama "pabo".

Shida ya pili ya mdomo wetu ni kupenda kumaliza na irabu. Sisi tulichukua "bus" tukafanya basi, Wakorea nao wakafanya 버스, "bosu" hivi, kwahiyo ugonjwa mmoja, ila tofauti ni kwamba wao wana maneno yao yanayoishia na konsonanti kweli. 밥, wali au chakula. Ukisema "bapu" umeharibu. Funga midomo kwenye P halafu bakia hapohapo, usiifungue mpaka uvute pumzi. Nilijirekodi kwenye simu kila usiku neno hilohilo, mdogo wangu akawa anauliza kama nimeanza kurogwa.

Halafu konsonanti za mwisho zikikutana na jirani zinabadilika. 감사합니다 (asante) mwishoni imeandikwa "hap-ni-da" lakini inatamkwa "ham-ni-da". 한국어 (lugha ya Kikorea) inatoka "han-gu-go". Usikariri kanuni zote kwa mkupuo, kuna chati ya kutisha huko mtandaoni, iache. Sikiliza neno kwanza ndo ulisome, kanuni zitakuja zenyewe.

Sarufi: soma Kiswahili kuanzia mkiani

Wenzetu wa Kiingereza hapa ndo wanapoanguka, sisi ndo tunapopumzika. Wao hawajazoea kitenzi kimoja kinachobeba sentensi nzima. Wewe unasema "sikutaka" bila kuwaza kwamba umepanga vipande vitatu. Kikorea kinapanga vilevile, tofauti mzizi unatangulia na mzigo wote unafuata nyuma.

Angalia hii: 먹고 싶지 않았어요. Ifungue taratibu. 먹 ni la, ya kula. 고 싶 ni taka. 지 않 ni ile "si" ya kukanusha. 았 ni wakati uliopita. 어요 ni heshima. Kula-taka-si-zamani-heshima. Sasa geuza: sikutaka kula. Umeona? Ni Kiswahili kimeshikwa miguu kikapinduliwa. Jaribu na "kitabu alichonipa rafiki", Mkorea anasema 친구가 준 책, rafiki-alichonipa-kitabu. Na zile "ki" za "ukienda" wao wanabandika 면 nyuma, 가면. "Nataka, nimejaribu, kama, ingawa" zote ni mikia ya kubandika. Mi nilitengeneza daftari, kushoto mkia wa Kikorea kulia kipande cha Kiswahili kinachofanana, na hilo daftari limenisaidia kuliko kitabu chochote nilichonunua.

Na raha zaidi: hakuna ni-, u-, a-, tu-, m-, wa-. 먹었어요 ni nilikula, ulikula, alikula, walikula, utajua mwenyewe nani kutokana na maongezi. Hakuna ngeli. Badala yake kuna maneno ya kuhesabia, watu 명, wanyama 마리, vitabu 권, mashine na magari 대, na kama umeweza kusema "viti viwili" na "miti miwili" bila kufikiri, hiyo ni kazi ndogo.

Ile vita ya 은/는 na 이/가, vile vikia vya kubandika nyuma ya jina la mtu au kitu, kila mtu anailalamikia, na mi sidai nimeimaliza. Ila kuna siku nilipata mwanga. 이/가 mara nyingi inafanya kazi ya "ndiye". Mkiulizwa nani kavunja kikombe, ukijibu 제가 했어요 ni "mimi ndiye niliyefanya". Ukisema 저는 안 했어요 ni "mimi lakini sijafanya", wengine sijui, jitetee mwenyewe. Maelezo ya Kiingereza ya hicho kitu nimesoma kurasa na kurasa na sikuelewa, kwa sababu Kiingereza hakina "ndi" kama yetu.

Namba wana seti mbili, ya asili na iliyotoka Uchina. Usishangae, na sisi tuna moja mbili tatu za kwetu halafu sita, saba, tisa, ishirini za Kiarabu, tofauti wao zinaenda sambamba na kila moja ina sehemu yake. Saa unasema kwa za asili, dakika kwa za Kichina: 세 시 삼십 분, saa tatu dakika thelathini. Na hapo kuna shimo, hiyo "tatu" ni tatu ya kwenye saa ya ukutani, yaani kwetu saa tisa na nusu. Ukipanga miadi kwa Kikorea huku kichwa kiko kwenye saa ya Kiswahili utamkosa mtu kwa masaa sita. Pesa nayo wanahesabu kwa elfu kumi kumi, 만, hivyo laki moja ni 십만, "kumi za elfu kumi". Fanya mazoezi na bei za dukani kwenu, sukari, mchele, nauli, kila siku tatu nne.

Heshima: umelelewa nayo, usiiache mlangoni

Tamthilia zitakuharibu hapa. Vijana kwenye tamthilia wanaongea 반말, lugha ya washikaji, na wewe unaikariri. Siku moja mzee wa Kikorea kwenye mradi mmoja alinielekeza kitu, mi kwa furaha ya kuonesha najua nikamjibu 알았어. Kimya. Nilikuwa nimemwambia babu wa watu "poa". Nilitakiwa kusema 네, 알겠습니다. Hakunigombeza, alitabasamu kidogo tu, na ile tabasamu mpaka leo nikiikumbuka natamani ardhi ipasuke.

Kwahiyo miezi sita ya mwanzo jifunze -요 na -습니다 peke yake, hiyo nyingine utaipata mitaani bila kutafuta. Kwa wakubwa kuna hadi maneno tofauti, kula sio 먹다 ni 드시다, kulala sio 자다 ni 주무시다. Kwetu wenye shikamoo na marahaba hili halihitaji mhadhara, tumezoea kupima umri wa mtu kabla hatujafungua mdomo. Mkorea akikuuliza umezaliwa mwaka gani mlipokutana tu usikasirike, anatafuta akusalimie vipi. Dada mkubwa wa msichana ni 언니, wa mvulana ni 누나, na mama muuza chakula wanamuita 이모, mama mdogo, kama sisi tunavyoita kila mtu shangazi na mjomba sokoni.

Na vitu vidogo vya kukufanya ujisikie nyumbani. Hawasemi mama yangu, wanasema 우리 엄마, mama yetu, hata kama ni mtoto wa pekee, na nyumbani ni 우리 집, kwetu. Wanasalimiana 밥 먹었어요?, umekula? Na wana 빨리빨리, haraka haraka, neno wanalojitania nalo wenyewe. Moyo ukidunda ni 두근두근, kitu kikimeta ni 반짝반짝, na wewe unayesema nyeupe pe na nyeusi ti utavipenda hivi kuliko sarufi.

Msamiati bila kujiua

Usikariri neno moja moja. Unajua kitabu, katibu, maktaba ni ukoo mmoja wa Kiarabu? Kikorea kina koo kama hizo kutoka Kichina. Shika 학, kusoma: 학교 shule, 학생 mwanafunzi, 대학교 chuo kikuu, 학원 tuisheni, 방학 likizo. Shina moja maneno matano. Mi nafungua ukoo mmoja kwa siku, basi. Kamusi nzuri ni ya Naver, na ina hadi sehemu ya Kiswahili, sio nene kama ya Kiingereza ila inakupunguzia mfadhaiko.

Ratiba yangu ni dakika 30 asubuhi na 20 usiku, na nikisafiri Dodoma na mchongoko nasikiliza njia nzima (treni yenyewe imetengenezwa na Hyundai Rotem, kwahiyo nahesabu kama niko ugenini). Tamthilia naangalia hivi: dakika moja tu bila maandishi chini, naandika nilichosikia, narudi na maandishi ya Kikorea naona nilivyoumbuka, halafu naigiza ile dakika kwa sauti kwa kasi yao. Dakika moja ikiiva ndo naangalia iliyobaki kwa starehe. Ukishusha klipu usiku kwa bando la usiku haikuumizi.

Mtu wa kuongea naye je? Wako. Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kule Korea kinafundisha Kiswahili, kuna vijana wa Kikorea wanahangaika na ngeli muda huu unaposoma. Apu za kubadilishana lugha ziko kibao, andika wazi kwenye wasifu wako "naongea Kiswahili" na utashangaa. Nusu saa Kikorea nusu saa Kiswahili, na mwenye kuchelewa ananunua kahawa ya kufikirika. King Sejong Institute, taasisi ya Korea ya kufundisha Kikorea kwa wageni, nao wana kozi za mtandaoni za bure, anzia hapo kabla hujamlipa mtu.

Mtihani wa kupima Kikorea chako ni TOPIK. TOPIK I ina maswali 70, 30 ya kusikiliza na 40 ya kusoma, alama 200, ukipata 80 una daraja la kwanza na 140 la pili. TOPIK II inakwenda daraja la 3 mpaka la 6 na humo kuna kuandika insha. Matokeo yanaishi miaka miwili kwahiyo usikimbilie mtihani kama huna pa kuyapeleka. Wanaowinda udhamini wa serikali ya Korea, GKS, wajue wanapewa mwaka mmoja wa lugha kwanza na lazima wafike daraja la 3 kabla ya kuanza shahada, aliye na la 5 kwenda juu anaruka huo mwaka. Na tafadhali, kuna watu wanachangisha hela wanasema wanakusajili mtihani wa EPS, mpango wa Korea wa kuchukua wafanyakazi wa nje, uende kufanya kazi kiwandani huko. Ule mpango unaenda kwa makubaliano ya serikali kwa serikali, na nchi zilizomo ni za Asia. Kabla hujatoa hata senti uliza ubalozini.

Faida? Sijaenda Korea bado. Ila mwezi uliopita nilikuwa saluni nasukwa, kwenye tivii kuna tamthilia ya kifalme ya kutafsiriwa, DJ kaweka sauti yake juu lakini chini kwa mbali unasikia Kikorea chenyewe. Mfalme kanyanyuka, kasema neno moja tu, 물러가라. Ondokeni. DJ akashusha: "We mzee, tangu juzi nakudai ng'ombe wangu wawili, leo unaniletea barua, toka mbele yangu kabla sijabadilisha ukoo wako!" Saluni nzima wakaangua kicheko. Mi nikacheka nao, halafu nikaanza tena peke yangu, mpaka msusi akanishika kichwa akasema dada tulia, mistari inapinda.